Dagaa wa Kirumba na mhariri aliyesema "hazina habari"

SWALI: Habari za kazi. Nina miaka 26, naishi Ilemela, Mwanza. Kwa miaka minne nimekuwa nikipiga picha za harusi, ubarikio na mahafali. Nina Canon 6D na lenzi moja ya 50mm. Nataka kuwa mpiga picha wa habari, lakini zile za kukaa na watu muda mrefu, si za kukimbizana na misafara ya waheshimiwa. Niliingia mwaloni Kirumba, pale mitumbwi inaposhusha mzigo, siku tatu, nikapeleka picha 40 za dagaa kwa mhariri mmoja. Akanijibu: "Nzuri, ila hazina habari." Nimedunduliza shilingi milioni mbili. Ninunue lenzi ya 70-200, ile ya kuvuta mbali, au nihamie Dar es Salaam? Na kazi hii inamlisha mtu kweli?

JIBU: Usinunue lenzi hiyo, na usihame. Mhariri wako hakuwa mkorofi. Amesema kwa maneno manne jambo ambalo watu hulitambua baada ya miaka.

Kirumba ni soko. Dagaa wanaposhushwa pale, wengi wamekwisha kukauka na wako ndani ya magunia, wametoka visiwani na kwenye mialo mingine, wanasubiri lori la mikoani, la Kongo au la Rwanda. Ukipiga Kirumba peke yake unapata magunia, wapagazi, mizani na mabishano ya bei, picha ambazo kila aliyepita Mwanza na kamera anazo. Kisa chenyewe kilianza siku kadhaa nyuma, usiku, katikati ya maji. Kikafika mchangani au kichanjani kwa mama fulani aliyenunua ndoo zake alfajiri. Kikakutana na jua, au kikakutana na mvua. Wewe umeshika mkia ukadhani umemshika samaki mzima.

Chukua hiyo mvua. Dagaa wakianikwa asubuhi na jua likawa kali, wanaweza kukauka siku hiyohiyo. Wakinyeshewa wangali mchangani wanalainika, wanabadilika rangi, wanaanza kunuka, na wanaishia kwenye chakula cha kuku kwa bei ya kusikitisha. Kwa hiyo wingu likijikusanya saa 5 asubuhi na mama akatoka mbio na turubai, kuna pesa inayokimbia pale, na mara nyingi ni pesa ya mkopo. Picha ya mama yuleyule ameinama akigeuza dagaa kwenye jua tulivu ni nzuri. Picha ya turubai ina habari. Kamera ni ileile, lenzi ileile. Tofauti ni kwamba ya pili huipati kwa siku tatu.

Utahitaji miezi, na miezi hiyo itapangwa na mwezi wa angani. Uvuvi wa dagaa hutegemea taa: karabai zamani, siku hizi zaidi taa za sola. Taa huwavuta dagaa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitanda taa haina nguvu, na wavuvi wengi hupumzika siku kama saba hadi kumi kuzunguka mwezi mpevu. Mzunguko mzima ni siku 29 na nusu, haujali Jumamosi zako za harusi. Chukua kalenda ya mwezi, weka alama kwenye siku za giza, halafu pokea kazi za sherehe ukijua umeacha nini. Ukienda mwaloni kwa kubahatisha utakuta mitumbwi imelala na utasema hapana kitu.

Kabla ya usiku wa kwanza, nenda ofisi ya BMU ya mwalo unaoutaka, yaani kile kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, na umwone mwenyekiti. Kwa Kirumba penyewe ongeza barua kwa uongozi wa soko. Sema unafanya nini, kwa muda gani, picha zitaenda wapi. Utaulizwa, tena kwa sauti: "Mnatuuza Ulaya, sisi tunapata nini?" Usilipe mtu apigwe picha, kwa sababu aliyelipwa huanza kuigiza na wa jirani yake huanza kudai. Lakini usirudi mikono mitupu. Chapisha picha za saizi ya postikadi, ishirini hivi baada ya ziara ya kwanza, ukampe kila mtu yake mkononi. Watu wa mwaloni wamepigwa picha mara elfu na hawajawahi kuziona. Ziara ya tatu hutaulizwa tena habari za Ulaya; utaulizwa kwa nini ya fulani ni kubwa kuliko yangu.

Sasa kwenye mtumbwi. Humo watu wako mita moja au mbili kutoka kwako, na hakuna pa kurudi nyuma. Hiyo 70-200 ya f/2.8 ina uzito wa karibu kilo moja na nusu na ingekuonyesha pua ya nahodha. Hata 50 yako inabana: inatoa mtu kuanzia kiunoni, haitoi mtu na taa na wavu kwa pamoja. Tafuta lenzi pana zaidi iliyotumika, ya 28 au 35, yenye f/2 au karibu na hapo, yaani inayofunguka sana kuingiza mwanga. 6D yako ni ya zamani, lakini nukta yake ya katikati ya kulenga ni miongoni mwa zinazofanya kazi vizuri kwenye giza. Itumie hiyo tu, uzime zingine. Anza na f/2, shata 1/125 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 6400, kila kitu kwa mkono. Ukimwachia mita wa kamera, yule mpima mwanga, utaona weusi wa ziwa umemdanganya: ataongeza mwanga mpaka taa iwe doa jeupe na uso wa mvuvi uwe kama karatasi. Chini ya 1/60 mikono inayovuta wavu inakuwa ukungu, na kidhibiti cha mtikisiko cha lenzi hakisaidii, maana anayetembea ni mtu na chombo, si mkono wako. Mizani ya rangi iweke namba moja, kama 5000, uiache hapo. Ukiiweka otomatiki kila picha itatoka na rangi yake na hutaweza kuzipanga pamoja.

Taa yenyewe usiiweke uchi ndani ya picha. Sogea mpaka mwili wa mvuvi uizibe. Mwanga utamzunguka mabegani na kwenye matone ya wavu, na utaona sura za wenzake zinazoangazwa na taa. Flashi acha nyumbani. Ikimpiga nahodha machoni haoni kitu kwa dakika kadhaa, na humo mna watu wanaotembea juu ya mbao zenye maji.

Mchana tatizo hugeuka. Mwanza jua huchomoza kati ya saa 12:30 na saa 1:00 asubuhi kutegemea msimu, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta linapanda wima. Mwanga ule laini una nusu saa, labda dakika arobaini. Baada ya hapo kofia na mitandio inatia macho kivulini, na dagaa wa rangi ya fedha wanaivuruga mita kwa namna nyingine: mandhari yakiwa meupe kamera inaitia picha giza na nyuso zinakuwa nyeusi ti. Ongeza mwanga kwa theluthi mbili hadi hatua nzima, kisha piga goti. Mchanga na dagaa ni kioo kikubwa kinachorudisha mwanga juu. Ukiwa usawa wa magoti unauona uso wa mwanikaji umejaa mwanga kutoka chini. Ukisimama unaona kofia. Nusu ya picha mbaya za mialo duniani zimepigwa na watu waliosimama.

Piga faili ghafi, ile RAW, na usiifute kamwe. World Press Photo, shindano lililoanza mwaka 1955 na ambalo halitozi ada ya kuingia, huwadai waliofika hatua za mwisho faili ghafi zao ili kulinganisha. Hapa watu wa harusi wana ugonjwa mmoja: kusafisha. Umezoea kuondoa chunusi ya bibi harusi na soketi ya umeme ukutani. Kwenye picha ya habari ule mfuko wa nailoni mchangani unabaki. Narciso Contreras, mpiga picha aliyekuwa miongoni mwa washindi wa mwaka 2013 wa Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, aliachishwa na shirika la habari la AP Januari 2014 kwa sababu ya kufuta kamera ya video iliyoonekana kwenye kona ya picha moja ya Syria. Kona tu. Kung'arisha, kutia giza kidogo na kukata pembeni vinaruhusiwa. Kuongeza au kuondoa kitu hakuruhusiwi.

Nadhani hata hivyo kilichokuangusha zaidi kwa mhariri ni maelezo ya picha. Ulituma picha 40. Je, ngapi zilikuwa na jina la mtu? Picha ya habari bila maelezo ni pambo. Machi 1993, huko Ayod, kusini mwa Sudan, Kevin Carter, mpiga picha wa Afrika Kusini, alipiga picha ya mtoto aliyeinama kwa njaa, tumbusi nyuma yake. New York Times waliitoa tarehe 26 Machi. Wasomaji wakamiminika kuuliza mtoto alipona au la, na gazeti likalazimika kuchapa ufafanuzi kwamba haijulikani kama alikifika kituo cha chakula. Picha ilipata Pulitzer mwaka 1994. Dunia ikamwita mtoto yule msichana miaka yote, mpaka mwaka 2011 waandishi wa Hispania walipomfikia baba yake, akasema alikuwa wa kiume. Ubishi wa kama Carter alipaswa kuitupa kamera na kumbeba mtoto ni mrefu. Kwa mafunzo ya kazi tazama hili dogo tu, kwamba picha mojawapo maarufu kuliko zote haikuwa na jina.

Kwa hiyo tembea na daftari dogo la kuingia mfukoni, na kalamu ya risasi, kwa sababu wino unayeyuka kwenye maji. Mwache mtu aandike jina lake mwenyewe, kama hajui kuandika rekodi sauti akilitaja. Chukua umri, kazi, namba ya simu, na jina analojulikana nalo pale mwaloni, maana ukirudi ukauliza kwa jina la kitambulisho hakuna atakayemjua. Kisha maelezo yaingie ndani ya faili yenyewe, kwenye ile sehemu ya IPTC, si kwenye ujumbe wa WhatsApp, unaozibana picha na kupoteza data hiyo. Yawe hivi: "IGOMBE, Mwanza. (Jina kamili), 41, mwanikaji, akifunika kwa turubai dagaa wa ndoo sita alizonunua kwa mkopo alfajiri, mvua ilipoanza saa 5:20 asubuhi, Jumanne (tarehe). Dagaa wakilowa huuzwa kwa watengenezaji wa chakula cha kuku." Sentensi mbili. Ya kwanza inaeleza kinachoonekana, ya pili inaeleza kwa nini kina uzito. Ukiona sentensi ya pili haiji, hujapata picha bado, rudi.

Kuna mtego wa ziwani ambao vitabu vya upigaji picha haviutaji. Kamera ni ushahidi. Kokoro na timba ni zana haramu, na sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Kijana akikushikia sangara mbele ya kifua akitabasamu, kiganja chake kinampima yule samaki. Ofisa uvuvi akiiona gazetini hahitaji rula. Kama habari yako ni uvuvi haramu, amua kabla na uwaeleze wahusika, uwafiche nyuso au ukatae kabisa kupanda. Kama habari yako ni dagaa, angalia kilicho nyuma na sakafuni mwa mtumbwi kabla ya kutuma. Anayekamatwa ni kibarua, si tajiri mwenye chombo. Watoto wanaofanya kazi mwaloni, sura zao zisitambulike. Sheria ya Mtoto ya 2009 ina meno, na mzazi wa mwaloni ana sauti. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 nayo inataka mwanahabari awe na ithibati, kwa hiyo fuatilia hilo mapema na ujisogeze klabu ya waandishi ya mkoa. Droni isahau mpaka uwe na vibali, cha mamlaka ya usafiri wa anga kikiwa kimojawapo.

Ziwa lenyewe. Dhoruba kali za Victoria huja zaidi usiku: nchi kavu inapoa, upepo unateremka kutoka pande zote kuelekea majini ambako bado kuna joto, unakutana katikati na kunyanyuka kuwa radi. Ndiyo saa ileile ya taa zako. Soma utabiri wa ziwa wa mamlaka ya hali ya hewa, vaa jaketi la kujiokolea lako mwenyewe hata kama wavuvi wanakucheka, na simu iwe kwenye mfuko usiopitisha maji. Gambuti ni za ufukweni, kwa ajili ya kichocho kwenye maji ya kina kifupi. Kabla ya kupanda mtumbwi zivue, kwa sababu zikijaa maji zinakuzuia kuogelea. Kapime kichocho mara moja kwa mwaka. Kamera ikitoka majini na kuingia chumbani, iache kwenye begi lililofungwa nusu saa ili isitoe jasho, na lenzi zilale kwenye chombo cha plastiki chenye silika. Kuvu ya lenzi ni mgeni asiyeondoka.

Milioni mbili zako zigawe hivi: lenzi pana iliyotumika, diski mbili za nje zinazobeba nakala zilezile na kulala nyumba tofauti, jaketi, begi lisilopitisha maji, uchapaji wa picha za watu, na nauli. Kama zitabaki, ni mafuta ya mtumbwi.

Kuhusu kula. Magazeti hulipa kidogo kwa picha moja na huchelewa. Wapiga picha wengi wa aina hii huishi kwa mchanganyiko: mashirika ya misaada yanayolipa kwa siku, mashirika ya habari ya nje yanayomhitaji mtu aliyeko mahali fulani, na harusi. Usizidharau harusi, ndizo zitakazonunua muda. Ila mkataba wowote wa habari uandike haki: matumizi ya mara moja, gazeti na tovuti, miezi 12, hakimiliki inabaki kwa mpiga picha. Tarehe 16 Juni 1976 mpiga picha Sam Nzima alipiga Soweto, Afrika Kusini, ile picha ya mwanafunzi Hector Pieterson akibebwa baada ya kupigwa risasi. Ilizunguka dunia nzima. Polisi walimwandama akarudi kijijini, akaacha kazi, na hakimiliki ya picha yake alikuja kuipata mwaka 1998. Miaka 22. Mkataba wa mashirika ya misaada unaosema "haki zote, milele" usisaini bila bei ya milele.

Kati ya wapiga picha unaotaka kufuata nyayo zao, nadhani yumo Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, lakini ni Dar es Salaam alikokulia na kuanzia kampuni yake ya Camerapix mwaka 1963. Watu humkumbuka kwa Korem, Ethiopia, Oktoba 1984, picha za njaa zilizoamsha dunia. Alifika pale akiwa na miaka ishirini ya kuijua kanda hii, viwanja vyake vya ndege, mawaziri wake na madereva wake. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto, akarudi kazini na mkono wa bandia. Alifariki Novemba 1996 katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa ikaanguka baharini Komoro. Sebastião Salgado, mpiga picha wa Brazili, alikuwa mchumi kabla ya kushika kamera mwanzoni mwa miaka ya 1970, na unaona uchumi kwenye picha zake za wafanyakazi. W. Eugene Smith, mpiga picha wa Marekani, alikaa siku 23 na daktari mmoja wa mji mdogo wa Colorado mwaka 1948 kwa ajili ya kurasa chache za jarida la Life. Wewe ulikaa Kirumba siku tatu.

Ndiyo maana Dar haikufai sasa. Kule kuna wapiga picha wengi na wewe huna unachojua kuliko wao. Hapa unajua mwezi unaandama lini na boti ipi inatoka Ukerewe. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, waliohitajika ni watu waliokuwa karibu na wanaojua kwa nani waulize. Kama siku nyingine kama hiyo itafika, ambayo tusiiombe, sheria ni fupi: maiti haonyeshwi sura, ndugu wanajua kabla ya mtandao, na hujisogezi kati ya mwokoaji na maji. Na kama unatafuta kazi ya pili baada ya dagaa, makaburi ya Igoma, walikozikwa watu wa MV Bukoba, yapo, na wanaokwenda pale kila Mei wana majina na umri unaoongezeka.

Kwa mhariri yule peleka picha 12, si 40. Moja ya kuonyesha mahali, tatu au nne za kazi ikiendelea usiku na mchana, mbili za mtu mmoja uliyemfuata toka majini au toka kichanjani hadi Kirumba, moja ya mikono na kitu, moja ya hesabu ya pesa, moja ya hasara, zilizobaki zichague mwenyewe. Kila moja na sentensi zake mbili. Na ofisi ya BMU nenda wiki ya mbalamwezi, wakati wavuvi wako nchi kavu wanashona nyavu na kurekebisha taa, na mwenyekiti ana muda wa kukaa chini akakusikiliza.